Maji Yote Yalikuwa Mgongoni Kwangu

Nilipanga safari ile kwa jedwali. Mimi ni mhasibu, na jambo lisilo na safu na mistari hunikosesha usingizi. Hivyo Sabasaba ya mwaka 2025 ilipoangukia Jumatatu, niliziona siku tatu mfululizo zisizo na kazi na nikazigawa kabla mke wangu hajamaliza kuuliza tunakwenda wapi. Jumamosi Ziwa Ngozi, Jumapili Mlima Rungwe, Jumatatu mapumziko Tukuyu na kurejea Mbeya mjini. Ndoa yetu ilikuwa na miaka kumi na mmoja, watoto wawili tuliwaacha kwa mama yao mdogo anayeishi Mwanjelwa, na kwa miaka yote hiyo milima ile tulikuwa tukiitazama kupitia dirisha la gari tunapokwenda misibani na harusini Kyela, bila hata siku moja kuikanyaga.

Muda wa kupanda niliukokotoa kwa kanuni ambayo Mskoti William Naismith aliitoa mwaka 1892 na ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, na juu yake saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Ni kanuni nzuri. Kasoro yake, kwa watu kama sisi, ni kwamba inamhesabu mtu mmoja mwenye afya njema anayekanyaga njia nzuri, ilhali sisi tulikuwa wawili, kila mmoja na mwendo wake, kwenye tope.

Usiku wa Ijumaa nilifanya jambo ambalo wakati ule niliona ni uungwana. Vitu vyote vizito niliviweka kwenye begi langu: maji lita 3, chupa ya chai ya tangawizi, viazi mviringo vya kuchemsha, mayai, maparachichi mawili na makoti ya mvua. Mke wangu nilimwachia mkoba mdogo wenye sweta, kitenge na simu yake. Nilimwambia atembee tu, mzigo aniachie mimi. Alinitazama kidogo, akasema ahsante, akaendelea kukata kucha za miguu. Nilimwuliza kwa utani kama anakwenda kupanda mlima au kuchezwa ngoma, akanijibu kwamba mwalimu mwenzake shuleni alimshauri azikate fupi kabisa kabla ya safari ya mlima. Sikuzikata za kwangu.

Asubuhi ya Jumamosi tulipanda Coaster katika stendi ya Nane Nane, tukapita Uyole, na gari likaanza kupandisha kuelekea milima ya Uporoto. Mjini Mbeya mwezi Julai ni baridi kavu na vumbi; mtu anayeishi mitaa yake ya Soweto au Forest anaweza kudhani kwamba nchi yote iko hivyo. Lakini hewa yenye unyevu inayotoka upande wa Ziwa Nyasa hupandishwa na miteremko ile, ikifika juu inapoa na kuwa ukungu na manyunyu, ndiyo maana Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na ndiyo maana hata katikati ya kiangazi msitu wa huko hutiririka maji. Nilikuwa nalijua hilo kwa kulisoma. Viatu vyangu havikulijua.

Tuliposhuka njia panda ya Ngozi, bodaboda mbili zilitufikisha mwanzo wa njia, na kijana mmoja wa kijijini, mwongozaji, akatutangulia kati ya mashamba ya viazi. Mwanzoni njia ni ya kawaida tu, ya watu wanaokwenda shambani. Kisha msitu unafunga, mteremko unasimama, na unajikuta unapanda kwa kushika mizizi, mguu mmoja ukiutafuta mwamba chini ya tope na mwingine ukiteleza ulikotoka. Mdomo wa kreta, yaani shimo la volkano, uko kwenye mwinuko wa takribani mita 2,620, na ziwa lenyewe liko chini sana ndani ya shimo hilo, bila mto unaotoka.

Mimi nina miguu mirefu na tabia mbaya ya kutaka kufika. Nilikuwa naondoka kwa kasi, natangulia mpaka sauti zao zinapotea, kisha nakaa kwenye gogo, nakunywa maji, nafuta jasho na kuwasubiri. Baada ya dakika saba au nane mke wangu anatokeza, kijana yule nyuma yake. Mimi nikiwa nimeshapata pumzi nasimama, natabasamu kwa moyo safi kabisa na kusema, "Twende?" Mara ya kwanza alifuata. Mara ya pili alifuata pia. Mara ya tatu alishika mti, akavuta pumzi mara mbili, akasema kwa ile sauti ya chini ambayo nyumbani hutangulia siku mbili za ukimya:

"Baba, wewe umekaa. Mimi ndiyo kwanza nafika."

Nililisikia neno hilo kama lawama, na lawama nina namna ya kuipisha. Nilimwambia pole, nikamsubiri dakika moja nikiwa nimesimama, nikaondoka tena. Kumbe lilikuwa hesabu, tena hesabu ya darasa la tatu, na mhasibu mzima sikuiona. Anayetangulia akisubiri dakika nane, amepumzika dakika nane. Anayefika akiambiwa twende, amepumzika sifuri. Ukirudia hivyo mara tano, mwenye nguvu amepata dakika arobaini za kukaa, na aliyechoka hajapata hata moja. Kisha mwenye nguvu anashangaa kwa nini mwenzake anazidi kubaki nyuma, na pengine anamhurumia.

Nilifika mdomoni mwa kreta peke yangu. Mbele yangu kulikuwa na ukungu mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, na upepo uliokuwa ukiupandisha kutoka shimoni. Nilikuwa nimevaa fulana ya pamba iliyolowa jasho, na pamba ikilowa inakaa mwilini kama kitambaa cha kupooza homa. Katika dakika ishirini na tano nilizosubiri, meno yalianza kugongana. Ndipo nilipofungua begi kutafuta koti la mvua, na la kwanza nililotoa lilikuwa koti lake. La pili yalikuwa maji. Nilizitazama zile chupa mbili zilizobaki, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikajiuliza mke wangu anakunywa nini.

Alipotokeza midomo ilikuwa imekauka na pembeni ina weupe. Hakusema kitu juu ya mandhari, hakuuliza kama nimepiga picha. Alisema, "Maji," akanyosha mkono. Kijana mwongozaji alikuwa ameshika chupa yake ndogo iliyobaki robo, akanieleza bila kunitazama usoni kwamba alimpa mama anywe kidogo pale kati, ila na yeye hakuwa na mengi. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini. Nimewahi kukaguliwa vitabu vya hesabu na watu wakali sana, lakini sikumbuki aibu iliyonishika kama ile. Nilidhani nimembebea maji. Nilichofanya ni kumpokonya maji na kukimbia nayo.

Ukungu ulifunguka baadaye, kwa dakika zisizozidi kumi. Ziwa lilikuwa chini kabisa, la kijani kizito, limetulia katikati ya kuta za msitu, na kijana yule akatuonyesha kwa kidole jinsi linavyofanana na ramani ya Afrika. Watu wa utalii husema ni la pili kwa ukubwa barani miongoni mwa maziwa ya kreta. Wenyeji wana hadithi zao juu ya maji yale, nao huzungumza karibu nalo kwa sauti ya heshima. Sisi hatukuzungumza kabisa, ingawa kwa sababu nyingine.

Usiku huo Tukuyu, katika nyumba ya kulala wageni yenye mablanketi mazito, nilimwomba radhi. Alipokea, kisha akaongeza jambo ambalo halikuwa la mlima. Alisema hata sokoni natembea hivyo. Alisema kwamba tulipokuwa tunajenga, nilikuwa ninakwenda kiwanjani, naamua, nakaa na uamuzi wangu wiki nzima mpaka nimeuzoea, halafu siku ninayomwambia nataka ajibu palepale. Sikuwa na la kusema, kwa sababu ni kweli kwamba dirisha la jikoni liko upande asioutaka yeye.

Jumapili tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukiwa tumeshalipia kiingilio cha hifadhi. Mlima Rungwe una urefu wa takribani mita 2,960 na unasimamiwa kama hifadhi ya mazingira asilia, kwa hiyo huendi bila mwongozaji, jambo ambalo nililiona usumbufu mpaka nilipokutana na mwongozaji mwenyewe. Tulipewa mzee mwembamba, mwenye mabuti ya mpira na panga kiunoni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha yeye na mke wangu wakaingia kwenye Kinyakyusa na kuniacha nje ya uzio. Nilisikia "ndaga" kadhaa, yaani ahsante, nikasikia wakicheka, nikaona mzee ananitazama miguu.

Kisha akatuomba tufungue mabegi. Hakuuliza ruhusa zaidi ya hapo. Alitoa vitu vyote, akavipanga kwenye majani, akavigawa upya: lita moja na nusu kwa mke wangu, lita moja na nusu kwangu, koti la mvua la kila mtu kwake, na chakula nusu kwa nusu. Mzigo wangu ulibaki mzito kuliko wa mke wangu, ila ulikuwa na chai na vitu tunavyoweza kukosa kwa saa moja bila madhara. "Maji hayabebewi mtu," alisema. "Ukianguka bondeni na maji ya mwenzako, tutawatafuta wawili." Akatukatia fimbo za mianzi, moja moja. Akasema tutageuka saa saba mchana popote tutakapokuwa, hata kama kilele kiko mbele ya pua, kwa sababu chini ya miti giza huingia kabla ya wakati wake. Mwisho akapanga foleni: yeye mwenyewe, nyuma yake mama, baba nyuma kabisa.

"Mzee, mimi natembea haraka," nilimwambia.

"Naona," alisema. "Utakaa nyuma."

Saa ya kwanza ilikuwa adhabu. Kwa mtu aliyezoea kujirusha na kupumzika, mwendo wa taratibu usiosimama unauma kama kiatu kipya; kila mara nilikuwa nakaribia kumkanyaga kisigino. Lakini kuanzia saa ya pili niligundua kwamba hatusimami. Ngozi tulikuwa tumesimama mara nyingi kiasi kwamba nilipoteza hesabu, ilhali Rungwe, katika saa tatu za kwanza, tulisimama mara nne, wote watatu kwa pamoja, tukakaa wote, tukanywa wote, tukainuka wote. Mwendo wa mke wangu ulikuwa mdogo na sawasawa, kama wa mtu anayesukuma cherehani, na ulikula mlima kuliko wangu.

Kutembea nyuma yake kulinionyesha jambo lingine. Mguu wa kushoto alikuwa anauweka kwa uangalifu, kidole kwanza, na kwenye kila ngazi ya mizizi alikuwa anapanda kwa mguu wa kulia tu. Nilimwuliza kama ameumia jana. Alisema goti lile linamsumbua tangu mimba ya mtoto wa pili, na mtoto wa pili sasa yuko darasa la kwanza. Miaka yote hiyo hajawahi kunificha. Ila mtu anayetembea mbele hauoni mguu wa mtu aliye nyuma.

Tulikuwa bado ndani ya msitu, mzee alipoinua mkono. Tulisimama. Juu upande wa kulia ulitoka mlio ambao sikuwahi kuusikia, kitu kati ya mbwa anayebweka na honi iliyozibwa kwa kiganja, ukarudiwa mara mbili. "Kipunji," alinong'ona. Wataalamu walimtambua nyani huyo hapa Rungwe mwaka 2003, wakamtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakampa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, kwa jina la mlima huu. Wawindaji wa vijijini walikuwa na jina lake muda wote, na ndilo analoitwa. Duniani kote anaishi katika misitu ya huku Rungwe na Kitulo, na katika msitu wa Ndundulu kule Udzungwa, basi. Sisi tuliona tawi likitikisika na mkia mrefu wenye ncha nyeupe ukipotea kwenye majani, yote kwa muda wa kufumba na kufumbua, na mke wangu ndiye aliyeona zaidi kwa sababu alikuwa mbele. Siku ya Jumamosi, kwa jinsi nilivyokuwa nakwenda nikivunja vijiti, kipunji angenisikia kutoka wilaya jirani.

Juu zaidi ikaja mianzi, kisha miti ikafupika, kisha manyasi na vichaka vinavyoyumba kwenye upepo. Karibu na kilele cha mlima kama ule hewa unayovuta ina oksijeni kama asilimia 70 tu ya ile ya mtu aliyeko Dar es Salaam. Sisi wa Mbeya tunaishi kwenye mita 1,700 hivi, kwa hiyo hatukuanza na sifuri, lakini kichwa changu kilikuwa kinagonga taratibu na maneno yalikuwa yanapungua. Ukungu ulikuwa unakuja na kuondoka. Saa yangu ilisema saa saba kasoro dakika nne.

Mzee alisimama, akasema imebaki kama nusu saa, na kwamba tunageuka.

Hapa sitajipamba. Nilibishana. Nilimweleza kwamba sijachoka, kwamba nusu saa kwa mwendo wetu ni dakika kumi na tano kwa mwendo wangu, kwamba naweza kwenda na kurudi wao wakiwa wanakunywa chai. Mzee hakunijibu, alikuwa anafungua kiazi. Mke wangu naye hakunizuia, na ndicho kilichonikata makali. Alikaa chini, akajifunga kitenge mabegani, akanitazama kwa utulivu wa mtu anayesubiri kuona jedwali litasema nini. Nikafikiria ukungu, nikafikiria kwamba koti langu ninalo lakini mwongozaji nitamwacha hapa na mke wangu, na kwamba jana pia nilikuwa na sababu nzuri. Nikakaa. Viazi vilikuwa vya baridi na chumvi tulikuwa tumeisahau nyumba ya wageni. Nakiri kwamba ile nusu saa bado naikumbuka kwa kinyongo kidogo, na nikipita barabara ya Tukuyu siku ambayo hakuna mawingu huwa nakitazama kilele kile zaidi ya inavyostahili.

Saa tisa mvua ilitukuta msituni, nyembamba na ya kudumu, na tope likawa sabuni. Watu hudhani kushuka ndiyo raha ya kupanda. Kumbe wakati wa kushuka misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki, saa baada ya saa, na vidole vinasukumwa mbele ya kiatu kwa kila hatua. Hapo ndipo kucha ndefu hudai haki yake. Kufika saa kumi kidole gumba changu cha kulia kilikuwa kinapiga kama moyo, na magoti yalikuwa yanatetemeka nikisimama. Mke wangu, mwenye goti bovu, alikuwa anashuka kwa pembe, fimbo chini kwanza, mguu baadaye, jinsi anavyojua kulitunza kwa miaka yote hiyo. Polepole umbali kati yetu ukafunguka, safari hii mimi nikiwa nyuma. Tulitoka msituni saa kumi na moja na nusu jioni, na ndani ya miti nyuma yetu tayari hukuweza kutofautisha gogo na kivuli.

Ilipofika Jumatatu, ngazi tatu za nyumba ya wageni nilizishuka kinyumenyume nikiwa nimeshika ukuta, ukucha umekuwa mweusi. Nilipendekeza turudi nyumbani. Mke wangu akasema jedwali linasema mapumziko, na kwamba yeye atapumzika akitazama Daraja la Mungu, lile jiwe lililojipinda juu ya Mto Kiwira ambalo amelisikia tangu utotoni na hajawahi kufika. Tulikwenda kwa bodaboda. Kipande cha njia cha kutembea kwa miguu ni kifupi, mtoto anakimbia, ila kina mteremko, na kwa mteremko ule nilikuwa kama mzee wa miaka tisini. Alitangulia. Sikumwona kwa muda.

Nilipofika chini alikuwa amekaa juu ya jiwe, mkoba mapajani, mto unanguruma chini ya daraja na watoto wa kijiji wamesimama pembeni wanatutazama. Alikuwa ameshapumzika, ilionekana usoni. Nilidhani atasimama. Alisogea akanipa nafasi kwenye jiwe, akafungua chupa yake ya maji, akanipa, akaangalia saa.

"Kaa dakika nane," alisema. "Mimi nitahesabu."